Chui wa kwenye boksi ndiye anayemchagulia mwanao chakula!

Leo naomba tuyaweke kando kidogo mambo ya mapenzi na mitindo ya nywele, tuzungumzie tumbo. Sizungumzii tumbo lako wewe ambalo limeshazoea chipsi mayai za saa sita usiku. Nazungumzia la yule bwana mdogo wa pale nyumbani ambaye hata kamba za viatu hajui kufunga, lakini majina ya biskuti zote za dukani anayajua kwa kichwa.

Hivi umewahi kujiuliza ni nani aliyemfundisha? Wewe hukumfundisha. Mwalimu wake wa chekechea hakumfundisha. Bibi yake akija kutoka kijijini na kikapu cha maembe, ndo kabisa, hayo majina hata kuyatamka hawezi. Basi kuna mwalimu mwingine humo ndani ya nyumba yako. Anaingia bila kupiga hodi, anakaa sebuleni na kuimba na kucheza, na mwanao anamuamini kuliko anavyokuamini wewe.

Mwalimu huyo ni tangazo la biashara, na msaidizi wake mkuu ni katuni.

Wewe kijana ambaye hujaoa usikimbilie ukurasa wa michezo. Wewe ndiye "anko" au "anti" unayekwenda kwa dada yako Jumapili na mfuko wa pipi mkononi ili uonekane wa maana. Kwa hiyo na wewe umo.

Kwa Mangi wa mtaani kwetu

Jumamosi moja nilimchukua mpwa wangu, bwana mdogo wa miaka mitano, nikaenda naye dukani kwa Mangi kununua vocha. Kabla sijafungua mdomo, yeye alikuwa ameshanyoosha kidole.

"Anko, nataka ile!"

"Ile ipi?"

"Ile yenye simba anacheka."

Mangi akashusha paketi. Pembeni yake kulikuwa na biskuti nyingine, paketi ya kawaida tu, haina simba wala nyani, na bei yake ilikuwa nusu. Nikazishika zote mbili nikazigeuza nyuma. Ile ya simba: unga wa ngano, sukari, mafuta ya mawese. Ile isiyo na simba: unga wa ngano, sukari, mafuta ya mawese. Kha! Nikamwambia bwana mdogo tuchukue hii ya bei nafuu, zote ni biskuti.

"Hiyo sitaki, hiyo mbaya."

"Umeshawahi kuila?"

"Hapana."

Mangi akacheka mpaka akashika kaunta. "Kaka, usijisumbue," akaniambia. "Hizi za katuni hazikai dukani. Nikileta boksi Jumatatu, Jumatano sina kitu. Hizo nyingine mpaka panya wazionje."

Wengine mtasema huo ni utundu wa mtoto mmoja aliyedekezwa. Sivyo. Jambo hili limeshapimwa na wataalamu na limeandikwa.

Karoti ile ile, utamu tofauti

Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani walitoa matokeo ya jaribio walilofanya kwa watoto 63 wa miaka mitatu hadi mitano. Waliwapa chakula kile kile mara mbili. Mara moja kilifungwa kwenye karatasi ya kawaida, mara ya pili kwenye karatasi yenye nembo ya McDonald's. Wakawauliza kipi kitamu. Watoto wengi wakasema cha kwenye nembo ndicho kitamu. Na siyo chipsi na kuku peke yake, bali hata karoti! Karoti ambazo mgahawa wenyewe haukuwa ukiziuza, lakini kwa sababu ya nembo ile zikawa tamu.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 2010, wenzao wa Chuo Kikuu cha Yale wakatoa jaribio lingine la watoto 40 wa miaka minne hadi sita. Safari hii walitumia katuni wanaojulikana kama Shrek, Dora na Scooby-Doo. Waliwapa biskuti, pipi laini za matunda na karoti ndogo, kila kitu kwenye paketi mbili zinazofanana, isipokuwa moja ina kibandiko cha katuni. Biskuti na pipi zenye katuni zilionekana tamu zaidi. Kwa karoti, hata hivyo, nguvu ya katuni ilikuwa ndogo.

Msomaji, hapo naomba uweke alama, maana nitaparudia: katuni anauza pipi vizuri kuliko anavyouza karoti.

Kwa nini mtoto anadanganyika kirahisi hivyo? Chama cha wanasaikolojia wa Marekani, APA, kiliunda kamati kuchunguza jambo hili, na mwaka 2004 kamati ikasema kwamba mtoto wa chini ya miaka minane hana uwezo wa kulitambua tangazo kuwa ni tangazo lenye nia ya kumuuzia kitu. Wewe ukimuona mtu kwenye runinga anakunywa soda huku akicheka, unajua kalipwa. Mtoto hajui. Kwake yule simba ni rafiki, na rafiki akikwambia kitu ni kitamu, unamuamini.

Sasa niambie, katika mapambano ya namna hiyo mama mzazi anashinda vipi? Ameondoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi daladala, anarudi saa mbili usiku hoi bin taaban. Mchana kutwa mtoto yuko na dada wa kazi na runinga. Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Sawa, lakini siku hizi ukihesabu saa, nani anamlea?

Chile wakaamua kumfukuza chui

Kuna nchi moja iliyoona kwamba kumwachia mama peke yake vita hivi ni uonevu. Nchi hiyo ni Chile, kule Amerika ya Kusini, ile nyembamba na ndefu kama mkanda, iliyobanwa kati ya milima ya Andes na bahari ya Pasifiki.

Historia yake inafanana na yetu kuliko unavyodhani. Zamani tatizo la Chile lilikuwa watoto kukosa chakula. Rais Salvador Allende, ambaye naye alikuwa daktari, alipoingia madarakani mwaka 1970 moja ya ahadi zake ilikuwa kila mtoto apate nusu lita ya maziwa kwa siku. Watu wa Chile walipigana na utapiamlo kwa miaka mingi na wakafanikiwa. Lakini walipotoka upande mmoja wa shimo wakatumbukia upande wa pili. Kufikia miaka ya 2010, karibu mtoto mmoja kati ya wanne wanaoanza darasa la kwanza alikuwa na unene wa kupindukia. Kizazi kimoja tu, kutoka mbavu za kuhesabika hadi kitambi cha miaka sita!

Muswada ulipelekwa bungeni mwaka 2007, na aliyeubeba kwa kelele nyingi alikuwa seneta Guido Girardi, daktari pia. Makampuni yakapiga kelele za kwao, serikali ikasitasita, lakini mwaka 2012 ukapita kuwa sheria namba 20.606. Haikuanza kutumika mpaka Juni 2016, wakati wa Rais Michelle Bachelet, na yeye ni daktari wa watoto. Miaka tisa kutoka muswada hadi dukani! Kwa hiyo anayefikiri mambo haya yanakwenda harakaharaka, ajipange.

Sheria yenyewe inasema hivi. Chakula au kinywaji cha kiwandani kikizidi kiwango cha sukari, chumvi, mafuta mabaya au kalori, lazima kibandikwe mbele alama nyeusi yenye pembe nane, kama kile kibao cha barabarani cha kusimamisha magari. Ndani yake imeandikwa wazi kilichozidi ni nini. Kikizidisha vitu vinne kinabeba alama nne. Viwango vilikazwa kidogokidogo, na tangu 2019 chakula kikavu kinatakiwa kisizidi gramu 10 za sukari katika kila gramu 100. Biskuti nyingi tamu hazipiti hapo.

Halafu ndo linakuja lile lililonifurahisha mimi. Bidhaa yenye alama nyeusi haiuzwi shuleni. Haitangazwi kwa watoto wa chini ya miaka 14. Haiwekewi kichezeo ndani, kwa hiyo yale mayai ya chokoleti yenye zawadi ndani yakaondoka madukani. Na hairuhusiwi kuwa na katuni kwenye boksi. Yule Tony, chui wa Kellogg anayejulikana dunia nzima kwenye boksi la nafaka za sukari, akafungasha virago. Boksi likabaki na rangi yake na jina lake, lakini chui hayupo.

Mwaka 2018 wakaongeza lingine: matangazo ya bidhaa hizo yasionekane kabisa kwenye televisheni kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 4 usiku, liwe tangazo la watoto au la watu wazima. Maana makampuni ni wajanja. Ukiwaambia wasitangaze kwenye kipindi cha watoto, wanatangaza kwenye mpira na tamthilia, na mtoto yuko hapohapo mapajani kwa baba yake.

Unafikiri makampuni yalikaa kimya? Wapi! Kellogg na PepsiCo walikwenda mahakamani wakisema katuni zao ni mali yao halali na serikali haina haki ya kuwanyang'anya. Kesi zilikwenda, na sheria ikaendelea kutumika.

Je, ilisaidia?

Hili ndilo swali la msingi, maana sheria nzuri kwenye karatasi tunazo nyingi hata sisi.

Watafiti walifuatilia ununuzi wa familia za Chile. Katika mwaka mmoja na nusu wa mwanzo, ununuzi wa vinywaji vyenye alama nyeusi ulishuka kwa karibu asilimia 24. Matangazo ya vyakula hivyo kwenye televisheni yalipungua kwa zaidi ya nusu baada ya kuwekwa ile marufuku ya mchana kutwa. Viwanda navyo vikaanza kupunguza sukari na chumvi kimyakimya ili kukwepa alama: kabla ya sheria bidhaa 51 kati ya 100 zilikuwa juu ya kiwango, na muda mfupi baada ya kuanza zikawa 44.

Sitaki kukudanganya kwamba watoto wa Chile waliamka wembamba asubuhi moja. Mwili ulionenepa kwa miaka haupungui kwa kibandiko. Lakini kuna jambo moja ambalo akina mama wa Chile waliwaeleza watafiti, na mimi naliona ndilo kubwa kuliko asilimia zote hizo. Walisema watoto wao wadogo ndio walioanza kuwazuia wao madukani: mama usinunue hiyo, ina alama nyeusi, shuleni hawataki.

Umeona mambo hayo? Mtoto yule yule aliyekuwa akilia kwa ajili ya chui, sasa anamshika mama mkono. Hajasoma kitabu cha lishe. Mazingira yake yamebadilika, na yeye amebadilika nayo.

Chile siyo peke yao

Jimbo la Quebec huko Kanada lilipiga marufuku matangazo ya biashara yanayowalenga watoto wa chini ya miaka 13 tangu mwaka 1980. Siyo ya chakula tu, ni ya kila kitu, hadi vichezeo. Kampuni moja ya vichezeo iitwayo Irwin Toy ikashitaki kwamba uhuru wake wa kusema umebanwa. Kesi ikapanda hadi Mahakama Kuu kabisa ya Kanada, na mwaka 1989 majaji wakasema ndiyo, uhuru umebanwa, lakini kumlinda mtoto asiyeweza kujitetea ni sababu ya haki. Kesi ikafungwa.

Uingereza walianza mwaka 2007 kuzuia matangazo ya vyakula vyenye mafuta, chumvi na sukari nyingi katika vipindi vya watoto. Wakagundua kile kile walichokigundua watu wa Chile, kwamba watoto wanaangalia vipindi vya wakubwa. Basi kuanzia Januari 5, 2026 wakaweka sheria kwamba matangazo ya vyakula hivyo yasionyeshwe kwenye televisheni kabla ya saa 3 usiku, na matangazo ya kulipia kwenye intaneti yasiwepo saa yoyote.

Shirika la Afya Duniani, WHO, nalo halikukaa nyuma. Mwaka 2010 nchi wanachama zilikubaliana mapendekezo ya kuwakinga watoto na matangazo ya aina hiyo, na mwaka 2023 shirika likatoa mwongozo mkali zaidi unaozitaka serikali ziweke sheria za lazima, siyo ahadi za hiari za makampuni.

"Lakini sisi shida yetu ni njaa"

Najua kuna mshikaji ameshaanza kunung'unika: bwana mwandishi, hayo ni matatizo ya walioshiba, sisi watoto wetu hata hicho chakula hawana.

Ni kweli. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba hapa Tanzania watoto 30 kati ya 100 wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Hilo ni jambo la kusikitisha na halina utani. Lakini kudumaa siyo kukosa shibe peke yake. Mtoto anaweza kushiba wanga na sukari kila siku, akakosa mayai, dagaa, maharage, mboga na maziwa vya kumkuza. Sasa ule mshiko mdogo uliopo nyumbani ukienda kwa simba anayecheka, umetoka wapi? Umetoka kwenye yai.

Tupige hesabu kidogo. Chupa ya kioo ya mililita 350 ya soda ya kola ina sukari kiasi cha gramu 37, yaani vijiko tisa vya chai. Hebu chukua kikombe umimine vijiko tisa, umpe mtoto akoroge, uone kama dada yako hatakufukuza. WHO inashauri sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nishati ya siku. Kwa mtoto mdogo anayehitaji kalori 1,400 hivi, hiyo ni gramu 35. Chupa moja tu imeshavuka mpaka, na hapo bado chai ya asubuhi, bado pipi za anko.

Chile nao walidhani shida yao ni njaa tu. Walipogeuka nyuma, shida ya pili ilikuwa imeshakaa mezani. Sisi tuna nafasi ya kuiona inakuja, kwa sababu mijini kwetu imeshafika. Pita karibu na shule yoyote saa ya mapumziko. Zamani getini ulikuta mama ana mihogo, ukwaju, embe na pilipili, karanga za kupima kwa kifuniko. Bado yupo, lakini pembeni yake pamejaa paketi zinazong'aa na vinywaji vya rangi ambayo hakuna tunda duniani linayo. Na ukiinua macho, kibao cha jina la shule kimechorwa nembo ya soda kubwa kuliko jina lenyewe.

Hatuanzii sifuri

Wapo wanaosema sheria za namna hii haziwezekani kwetu, zitaua biashara. Mimi nawaambia tumeshazifanya.

Nenda duka la dawa ukaangalie kopo la maziwa ya unga ya mtoto mchanga. Tafuta picha ya kichanga mnene anayetabasamu. Haitakiwi iwepo. Kanuni za kimataifa za mwaka 1981 zilikataza picha za watoto kwenye makopo hayo, zikakataza pia kuyatangaza kwa wananchi na kuwagawia akina mama bure ili wazoee. Sababu ilikuwa wazi: mama aliyeona kichanga mnene kwenye kopo aliamini kopo ni bora kuliko ziwa lake. Tanzania ikatunga kanuni zake mwaka 1994. Wenzetu wa Kenya wakapitisha sheria yao mwaka 2012.

Maziwa ya kopo bado yanauzwa, anayeyahitaji anayapata, na kiwanda hakijafa. Kilichoondoka ni ile picha ya kumlaghai mama. Sasa kama tuliona ni haki kumlinda mama ambaye ni mtu mzima mwenye akili zake, iweje tushindwe kumlinda mtoto wa miaka mitano ambaye hajui kusoma?

Vyombo vya kusimamia tunavyo. TBS ndilo linalosimamia usalama wa chakula tangu 2019. TCRA inasimamia utangazaji. Taasisi ya Chakula na Lishe ipo tangu 1973 na wataalamu wake wanajua kila kilichomo kwenye mchicha. Kazi ni kukaa meza moja na kuamua mambo manne: katuni na vichezeo viondoke kwenye vyakula vilivyozidi sukari, chumvi na mafuta, matangazo yake yasionekane saa ambazo watoto wako macho, nembo zake zitoke shuleni, na paketi iwe na alama ambayo hata bibi asiye na miwani ataiona.

Na katuni wazuri je?

Kuna wanaosema dawa ya katuni mbaya ni katuni mzuri. Tuwape watoto vipindi vya kuwafundisha kula mboga, basi, hakuna haja ya sheria.

Mimi katuni wazuri nawapenda. Kwenye kipindi cha Marekani cha Sesame Street yupo yule dubwana wa bluu mla biskuti. Mwaka 2005 watengenezaji waliona haya, wakaanza kumfundisha kwamba biskuti siyo za kila saa na matunda yapo. Huko Iceland bwana mmoja mwanamichezo, Magnús Scheving, alibuni LazyTown, ambamo shujaa anaruka sarakasi na kuyaita matunda na mboga pipi za wanamichezo. Na hapa hapa Dar es Salaam, kampuni ya Ubongo ilianza kurusha Ubongo Kids mwaka 2014, halafu ikaja na Akili, binti wa miaka minne anayeishi chini ya mlima Kilimanjaro na kuzungumza Kiswahili safi. Watoto wanampenda kufa. Akili akila papai kwenye runinga, papai la nyumbani nalo litapanda chati.

Lakini si nilikuomba uweke alama kule juu? Wale watafiti wa Yale walishatuambia: katuni anauza pipi vizuri kuliko karoti. Ukiwaweka wawili hawa ulingoni, mmoja na papai, mwingine na pipi, na huyu wa pipi ana fedha za kuonekana mara ishirini kwa siku, mshindi anajulikana kabla ya kengele. Katuni mzuri anahitaji mwenzake aondolewe ulingoni kwanza. Ndiyo maana sheria na vipindi lazima viende pamoja, kama ugali na mboga.

Wewe wa leo ufanye nini?

Sheria zikisubiri miaka tisa kama za Chile, mpwa wangu atakuwa na ndevu. Kwa hiyo tuanze na yaliyo mikononi mwetu.

Kwanza, mfundishe mtoto kulijua tangazo. Linapokuja kwenye runinga, muulize: huyu anataka tufanye nini? Akijibu "anataka tununue", umeshampa ngao. Nimefanya hivyo na yule bwana mdogo wangu, na siku hizi ananiwahi yeye: "Anko, huyu anauza!"

Pili, simu. Watoto wa siku hizi wanaangalia wenzao wakifungua maboksi ya pipi na vichezeo huko mtandaoni wakidhani ni mchezo. Mengi kati ya hayo ni biashara. Usimwachie simu ili akae kimya halafu ushangae anayajua majina usiyoyajua wewe.

Tatu, mfuko wa anko. Jumapili hii badala ya pipi, nenda na ndizi mbivu, maembe, karanga za kukaanga, au mahindi ya kuchemsha ya moto yule jamaa wa kona. Bei itakuwa ile ile au chini yake. Atanuna siku ya kwanza, ya tatu atakusubiri mlangoni.

Nne, nyinyi vijana mnaotengeneza matangazo, mnaochora, mnaoimba vibwagizo, mnaojirekodi mtandaoni mkapata wafuasi. Vipaji vyenu ni moto, sikatai, na njaa ya mjini naijua. Lakini kabla ya kumchora simba anayecheka, muulize mteja ni gramu ngapi za sukari zimo ndani. Akikataa kukujibu, umeshapata jibu.

Na tano, wazazi wenye watoto shuleni, kwenye kikao kijacho msiishie kwenye michango ya madawati. Ulizeni nani anauza nini getini, na kibao cha shule kilichorwa kwa makubaliano gani. Rangi ya kuandika jina la shule haigharimu kiasi cha kuuza macho ya watoto mia nane kila asubuhi.

Haya, mpenzi msomaji, mimi nimemaliza langu. Ukipita kwa Mangi jioni hii, geuza paketi nyuma usome. Kule nyuma hakuna katuni.

Tukutane wiki ijayo, mle vizuri.